Hilux Inapiga Mluzi Ikipanda na Mzigo: Kabla Hujanunua Turbo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux D4D ya dizeli, ile ya 2.5 yenye tundu juu ya boneti. Nabeba dagaa kutoka soko la Mwaloni Kirumba kwenda Geita mara mbili kwa wiki. Wiki ya tatu hii, nikipanda kilima na mzigo inapiga mluzi kama birika linalochemka, kuanzia raundi 1,800 hivi. Nguvu zimepungua na nyuma inatoa moshi mweusi. Ikisimama inaunguruma kawaida tu. Fundi wa kwanza amesema turbo imekufa, nitafute nyingine ya mtumba. Wa pili kasema turbo zote hulia, nichape kazi. Nimsikilize nani? – Msomaji, Nyakato, Mwanza.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa sasa usimfuate hata mmoja. Huyo wa kwanza amehukumu bila kupima, na huyo wa pili anakupa moyo mahali ambapo hupaswi kupewa moyo. Ni kweli turbo ina sauti yake. Lakini sauti ambayo haikuwepo mwezi uliopita, iliyokuja pamoja na moshi na kupungua nguvu, si sauti ya kawaida hata kidogo.

Umeniandikia mambo matatu, na yote matatu yanaelekeza upande mmoja: mluzi unasikika injini ikibeba mzigo tu, nguvu zimeshuka, moshi ni mweusi. Mimi hapo nashuku kwanza hewa inayovuja baada ya kutoka kwenye turbo na kabla ya kuingia kwenye injini. Mpira uliochanika, klampu iliyolegea, au intakula (kile kipoza hewa) iliyopata ufa. Turbo yenyewe naiweka mwisho, na nitakueleza kwa nini.

Turbo ina magurudumu mawili madogo kwenye mhimili mmoja. Gurudumu la kwanza linasukumwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini. La pili, kwa kuwa limefungwa kwenye mhimili huohuo, linavuta hewa safi kutoka kwenye chujio na kuisukuma kwa nguvu kuelekea kwenye silinda. Ikikolea inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa hiyo iliyobanwa inapita kwenye mpira, inaingia intakula ipoe, inapita mpira mwingine, ndipo inafika kwenye manifoldi, yaani bomba linaloigawa hewa kwenye silinda. Ikikuta mwanya mwembamba njiani, itatokea hapo, na itapiga mluzi kama mtoto anayepuliza kati ya vidole viwili. Mafuta yaliyopimwa kwa ajili ya hewa hiyo yanakuta hewa haitoshi, hayaungui yote, yanatoka nyuma yakiwa moshi mweusi. Ukiwa umesimama, turbo haijabana chochote cha maana, kwa hiyo hakuna cha kuvuja na hakuna mluzi. Ndiyo maana gari lako linanyamaza likisimama. Mhimili wa turbo uliochoka hauna sababu ya kuwa na adabu namna hiyo.

Kuna jambo la mahali petu ambalo mafundi wa Pwani hawalazimiki kulifikiria. Ziwa letu Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wote wa Mwanza uko juu ya hapo. Mgandamizo wa hewa huku ni pungufu kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na Dar es Salaam. Turbo ya Mwanza inaanza kazi ikiwa na deni. Inabidi izunguke zaidi ili ifikishe presha ileile. Kwa hiyo ufa ambao dereva wa Dar angeuvumilia miezi miwili bila kuutambua, wewe unausikia mgongoni siku ya kwanza unapopanda na viroba vya dagaa. Na kadiri hewa inavyovuja, turbo inazidi kuzungushwa kujaribu kuziba pengo. Ukiendelea hivyo kwa muda, mpira wa bei ndogo utakuua turbo nzima. Ndipo yule fundi wa kwanza atakuwa sahihi, ila kwa kuchelewa.

Sasa tuje kwenye kusikiliza, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na wengi hupita haraka. Chukua gari likiwa na mzigo wako wa kawaida, madirisha wazi, redio imezimwa. Panda kilima chochote cha mji, hata kile cha Bugando kinatosha, kwa gia ya tatu. Sikiliza mambo manne. Mluzi unaanza mguu unapokanyaga, au unaanza raundi zinapopanda hata bila kukanyaga sana? Unapoachia mafuta ghafla, unakatika papo hapo au unashuka polepole kama king'ora kinachozimwa? Ni sauti ya hewa, au kuna chuma ndani yake? Na je, unasikika injini ikiwa baridi asubuhi kuliko ikiwa ya moto?

Mluzi unaofuata mguu, unaokatika mara unapoachia mafuta, ni hewa yenye presha inayotoroka. Mluzi unaofuata raundi peke yake, hata gari likiwa halina mzigo, ni kitu kinachozungushwa na injini: beringi ya oltaneta, puli, feni belti. Sauti inayopanda kama king'ora cha gari la wagonjwa na kushuka polepole baada ya mguu kutoka, hasa ikiwa na mkwaruzo ndani yake, hiyo ndiyo sauti ya turbo iliyojeruhiwa. Mapanga yake yamepinda au yanagusa ganda. Na mlio unaofanana na ndege, chi-chi-chi, mkali asubuhi na unaopungua chuma kinapopata moto na kutanuka, huo ni moshi unaovuja kwenye gasketi ya manifoldi ya ekzosi kabla haujafika kwenye turbo. Huo nao unapunguza nguvu, kwa sababu turbo inaibiwa moshi uliotakiwa kuizungusha.

Kwa maelezo yako, wewe uko kwenye ule wa kwanza. Lakini nenda ukahakikishe mwenyewe, kwa sababu neno "mluzi" kila mtu analitumia kwa sauti yake.

Ukirudi, acha injini ipoe kabisa. Fungua boneti. Kwa kuwa boneti yako ina tundu la kupokea hewa, intakula yako imekaa juu ya injini, chini ya tundu hilo. Hii ni bahati, kila kitu kiko karibu na mkono wako. Fuata njia ya hewa kwa vidole: kutoka kwenye turbo hadi intakula, kutoka intakula hadi manifoldi. Pinda kila mpira, chungulia upande wa chini, maana mipira hupasuka upande ambao jicho halifiki. Mpira unaweza kuonekana mzima ukiwa umelala, ukiupinda tu ufa unafunguka kama mdomo. Kagua klampu moja moja kwa bisibisi. Klampu iliyokazwa mno na kukata mpira ni mbaya sawa na iliyolegea.

Tafuta pia alama ya mafuta. Ndani ya njia ya hewa huwa na ukungu mwembamba wa oili unaotoka kwenye pumzi ya injini, yaani ile hewa inayopumuliwa kutoka ndani ya injini. Kiasi kidogo ni kawaida. Hewa inapovuja inautoa ukungu huo nje, na vumbi la barabara linaganda juu yake. Ukiona sehemu moja ya kiungo ina tope jeusi la mafuta wakati kwingine ni vumbi kavu, hapo umeshapata mshukiwa kabla hujashika spana.

Na usifunge boneti bila kutazama uso wa intakula. Sisi wa kando ya ziwa tuna wale wadudu wadogo wanaoinuka makundi makundi kama moshi juu ya maji. Ukipita usiku kwenye kundi lao, wanaingia kwenye tundu la boneti na kujibandika kwenye mapezi ya intakula kwa mamia. Wakikauka wanakuwa kama saruji. Hawaleti mluzi, lakini intakula iliyozibwa haipoozi hewa, na hewa ya moto ni hewa pungufu. Nguvu zinashuka na moshi unaongezeka. Nimeshafungua intakula ambazo ungeweza kuzichota wadudu kwa kijiko. Osha kwa maji ya taratibu na brashi laini. Usielekeze ile pampu ya car wash yenye nguvu, italaza mapezi yote.

Ikiwa macho hayajapata kitu, kuna kipimo kimoja ambacho hakigharimu sana, na natamani kila gereji ya Nyakato ingekuwa nacho ukutani. Chukua kifuniko cha bomba la plastiki, lile la maji, chenye upana unaolingana na mpira mkubwa unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye turbo. Toboa katikati, weka valvu ya tairi isiyo na tyubu, ikaze. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ondoa mpira ule upande wa chujio, chomeka kifuniko chako mahali pa chujio na ukaze kwa klampu. Kwenye mpira huohuo kuna tundu linalopokea pumzi ya injini. Chomoa kile kimpira, ziba tundu hilo vizuri, lakini upande wa injini uache wazi. Kisha mwite kijana wa kujaza upepo na kompresa yake.

Anza na PSI 5. Usikimbilie juu. Sikiliza. Ongeza taratibu hadi 15, ambayo ni kama baa moja, na usizidishe hapo. Simama pembeni, usisimame mbele ya kifuniko, kwa sababu kikichomoka kinaruka kama jiwe la manati. Kisha paka maji ya sabuni ya unga kwa brashi kwenye kila kiungo: mdomo wa turbo, klampu zote, kona za intakula pale alumini inapokutana na vichwa vyake, gasketi ya manifoldi ya hewa. Penye povu linalofura, ndipo penye mwizi wako. Utasikia pia pumzi kidogo ikitokea upande wa kifuniko cha oili au kwenye ekzosi. Usishtuke, injini ina valvu zilizo wazi wakati wowote, na pete za pistoni hazizibi kama kifuniko cha chupa. Unachotafuta ni uvujaji wa nje, kwenye mipira na viungo.

Kama huna kompresa karibu, chukua kipande cha mpira wa maji cha futi tatu. Mtu mmoja awashe injini na kupandisha raundi gari likiwa limesimama, wewe weka ncha moja sikioni na nyingine pitisha karibu na viungo. Ni njia dhaifu zaidi, kwa sababu bila mzigo presha ni ndogo, lakini ufa mkubwa utaunasa. Weka mikono, nguo na ule mpira mbali na feni na belti. Nasema hili kwa msisitizo. Nimewahi kushuhudia mtu akipoteza ncha ya kidole kwa sekunde moja ya kutokuwa makini.

Ukishapata mpira uliopasuka, usiufunge kwa gundi na mpira wa tairi la baiskeli. Utakufikisha Usagara, hautakufikisha Sengerema. Weka mpira uliotengenezwa kwa ajili ya presha ya turbo, wenye nyuzi ndani yake. Mpira wa rejeta unafanana nao kwa umbo lakini hauvumilii mvuke wa oili. Baada ya miezi michache unavimba na kulainika. Na klampu weka mpya, haizidi bei ya sahani ya samaki, wakati turbo ya mtumba ni laki kadhaa na hujui ilikotoka.

Uvujaji wa ekzosi utaujua kwa masizi: msitari mweusi kama wa kalamu ya makaa unaotokea pembeni ya gasketi, au kwenye nati moja iliyokatika. Belti na beringi sitazikalia. Mwagia belti maji kidogo injini ikiwaka, mlio ukibadilika mara moja, umeshajua.

Nawakumbuka hapa pia wenye magari ya petroli, maana Forester zenye turbo zimejaa mjini. Wao mluzi unaosikika gari likiwa limesimama, halafu unapotea ukikanyaga, mara nyingi ni hewa inayovutwa ndani kupitia kimpira kilichopasuka, hasa kile cha pumzi ya injini. Mlio mkali unaokoma unapofungua kifuniko cha oili nao unaelekeza kwenye valvu ya pumzi hiyohiyo. Na kwenye injini kadhaa za EJ20, zinazofungwa kwenye Forester hizo, kuna kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye turbo. Kikiziba, turbo inakufa kwa kiu wakati kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imejaa. Mwenye gari hilo amuulize fundi wake swali hilo moja.

Turudi kwako. Tuseme umepima, hakuna povu popote, na mluzi upo. Sasa ndipo tunaigusa turbo. Injini baridi, imezimwa, ufunguo mfukoni mwako. Ondoa mpira wa kuingiza hewa, utaona pua ya mhimili katikati ya mapanga. Yatazame kwanza kwa tochi. Mapanga yenye ncha kali na safi ni mazima. Yakiwa yamekatika vipande kuna kitu kiliingia. Yakiwa yamelika na kuwa butu, hilo ni vumbi, na vumbi lina maana chujio lako la hewa halijakaa vizuri au ni la bandia. Unapotoka lami ukaingia barabara za vumbi za vijijini, chujio lisilokaa vizuri linapitisha mchanga mwembamba unaosugua mapanga hayo kama msasa.

Halafu shika pua kwa vidole viwili. Isukume ndani na nje: usihisi kitu, au uhisi kidogo mno. Kucheza kwa namna hiyo kukionekana kwa macho, turbo imechoka kweli. Kisha isukume pembeni, juu na chini: hapa kucheza kidogo ni halali kabisa. Mhimili huu hauelei kwenye golori, unaelea kwenye tabaka la oili, na ukiwa umesimama tabaka hilo halina presha. Wengi wameuziwa turbo kwa kuonyeshwa mchezo huu: "Ona inavyocheza!" Swali ni moja tu, mapanga yanagusa ganda? Yakigusa, au ukiona alama za mkwaruzo ukutani, imeisha. Yasipogusa na mhimili ukazunguka laini, usiitupe.

Kuhusu kompyuta: ukipima na ikatoa msimbo P0299, maana yake presha ya turbo iko chini ya inayotarajiwa. Haisemi turbo imekufa. Mpira uliopasuka unatoa msimbo huohuo.

Sasa sehemu inayoniuma. Ikiwa vipimo vimeonyesha turbo imekufa kweli, kazi yako ya kwanza si kununua nyingine. Ni kujua kilichoiua. Turbo hufa kwa vumbi, kwa kitu kuingia, au kwa oili: pungufu, chafu, au iliyochelewa kufika. Niliwahi kuletewa Prado yenye injini ya 1KD ambayo ilikuwa imemaliza turbo mbili ndani ya mwaka mmoja. Mwenye gari alikuwa ameshauza ng'ombe kwa ajili ya gari hilo, na alikuja na turbo ya tatu kwenye boksi, anataka ifungwe tu. Nilimwomba siku moja zaidi. Tulishusha sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kwenye chujio la wavu ambako pampu ya oili hunyonya tukakuta limezibwa zaidi ya nusu na masizi magumu kama lami iliyoganda. Pampu ilikuwa inanyonya kwa shida, na kiungo cha mbali na dhaifu kuliko vyote, yaani mhimili wa turbo, ndicho kilichokuwa kinakauka.

Masizi yale yanatoka wapi? Kwenye injini hizi za D4D, 1KD na ndugu yake 2KD ambayo ndiyo ya kwako, nozeli hukaa juu ya vishikizo vidogo vya shaba, zile pete za kuziba. Vikichoka, moshi wa mwako unapenya pembeni ya nozeli, unaingia upande wa oili, na kuipika oili kuwa masizi magumu. Dalili zake ni hizi: ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwaka unanusa moshi wa ekzosi, kuna sauti ya chu-chu-chu juu ya injini, na asubuhi taa ya oili inakawia kuzimika baada ya kuwasha. Hiyo ya mwisho ukiiona, simamisha gari siku hiyohiyo. Sio turbo tu, ni injini nzima iko hatarini. Dawa ni kushusha sampo, kusafisha wavu, kubadilisha vishikizo vya shaba na sili za nozeli, kisha kubadilisha oili mara mbili kwa umbali mfupi. Prado ile tuliifanyia hivyo kwanza, ndipo tukafunga turbo ya tatu, na hiyo ilidumu.

Ikifika siku ya kufunga, msimamie fundi kwenye mambo machache. Bomba la kupeleka oili libadilishwe au lisafishwe hadi mwanga upite. Bomba la kurudisha oili liwe wazi na litelemke bila kona, kwa sababu oili inarudi kwa uzito wake tu; likiziba, oili inafurika na kutokea kwenye sili, na watu watalaumu turbo mpya. Asipake gundi ya gasketi kwenye mlango wa oili. Kipande chake kikikatika kinaingia palepale pa mhimili. Amimine oili safi ndani ya turbo kwa mkono kabla ya kuifunga, na azungushe injini kwa stata bila kuiwasha mpaka presha ya oili ipande. Sekunde za kwanza bila oili zinatosha kuharibu kitu ulichokihangaikia mwezi mzima. Kama unanunua ya mtumba, yale niliyokueleza kuhusu mapanga na pua yafanye palepale dukani, kwa tochi yako mwenyewe. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kuna hatari moja lazima uijue hata kama turbo yako ni nzima leo. Sili ya turbo ikipasuka kabisa kwenye injini ya dizeli, oili ya injini inaingia kwenye njia ya hewa na injini inaanza kuila kama mafuta. Inapandisha raundi yenyewe, moshi mweupe wa bluu unafunika barabara, na kuzima ufunguo hakusaidii kitu. Gari lako likiwa la gia za mkono, weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote, kisha achia klachi ghafla ili injini izimike. Isipozimika, shuka na ukae mbali. Mtu akitaka kuziba mdomo wa hewa atumie ubao mgumu, kamwe asitumie mkono wala kitambaa. Kwa hiyo ukianza kuona moshi wa bluu, na oili inapungua kwenye kijiti bila kudondoka chini, hapo usipakie mzigo hata mmoja.

Wewe bado hujafika huko. Moshi wako ni mweusi, na hiyo ni habari njema kwa kiasi chake. Mpaka upime, fanya hivi: punguza mzigo hadi nusu, usivute raundi za juu mlimani, shuka gia mapema ili injini isilazimishwe. Angalia oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, na ni heri kubwa kwetu sote, lakini injini imepoteza mapumziko yake ya katikati ya safari. Ukifika Sengerema simama, iache injini iungurume dakika mbili kabla ya kuizima, ili oili iliyo kwenye turbo itoke ikiwa imepoa badala ya kuungulia humo. Ukifika Geita fanya hivyohivyo. Oili badilisha kila kilomita 5,000, ya dizeli ya 15W-40 kutoka duka unaloliamini, na chujio lake kila mara.

Ukishafanya kile kipimo cha upepo, niandikie tena uniambie povu lilitokea wapi, taa ya oili asubuhi inachukua sekunde ngapi kuzimika, na ile pua ya mhimili ulipoisukuma ndani na nje ulihisi nini. Kwa majibu hayo matatu nitakuambia ununue nini na usinunue nini.